Mama Mwenyeji

Barua ilipita mikononi mwake mwenyewe. Karani wa Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni alikuwa ameizoea kazi hiyo ya asubuhi: kufungua bahasha zilizotoka idara mbalimbali, kugonga muhuri wa siku, kuandika namba kwenye daftari, kisha kuzipanga kwenye trei ya Mkuu wa ofisi. Bahasha ya tano ilitoka Kamati ya Nidhamu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Mwanafunzi aliyetajwa humo alitakiwa kufika Alhamisi, saa nne, kujibu tuhuma ya kuwasilisha tasnifu isiyo kazi yake.

Mwanafunzi huyo Karani alikuwa amemwacha nyumbani saa moja iliyopita, akimpigia pasi binti wa Karani sare ya shule.

Alikuwa amekaa nao mwaka wa pili sasa. Chuo kilikuwa na mpango wake wa familia mwenyeji: mwanafunzi aliyetoka nchi za mbali anapewa kitanda kwenye nyumba ya mtu, na nyumba inapewa posho kidogo na cheti cha kutundika ukutani. Msichana alikuja na jina refu la kwao ambalo kila aliyejaribu kulitamka alijing'ata ulimi. Lakini kila Jumamosi watu walimwona amepiga magoti mbele ya mita zao za maji, tochi mdomoni, ananakili namba kwenye daftari, na watoto wa mtaa wakamwita Dada Mita. Jina likaingia hadi ndani ya nyumba. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji, shahada ya pili. Alitaka kujua maji ya mji yanapotelea wapi kabla ya kufika kwenye bomba la mtu.

Mwaka wa kwanza darasa zima lilimcheka aliposimama na kuuliza, "Maji hii inapotea wapi?" Profesa aliyekuwa msimamizi wake alicheka pia, kisha akamwambia kwa upole uliouma kuliko kicheko, "Kwanza yatafute maji kwenye ngeli yake, ndipo uyatafute kwenye bomba." Tangu siku hiyo Mita hakuuliza tena swali darasani.

Kijitabu cha kuwakaribisha wageni, ambacho Karani alikichapa mwenyewe, kiliahidi msaada wa lugha kwa kila anayeuhitaji. Chumba cha msaada huo kilikuwapo kweli. Kilikuwa kimejaa viti vibovu hadi darini. Mara tatu Karani aliandika barua kuomba aajiriwe mwalimu, na mara tatu aligonga muhuri wa "Imepokelewa" juu ya barua zake mwenyewe. Ya nne hakuiandika. Alikwenda dukani akanunua kalamu ya wino wa kijani.

Kabla ya ukarani alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka sita, na kule alijifunza kwamba wino mwekundu unawaliza watoto. Jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, Mita aliweka kurasa zake upande mmoja na Binti akaweka daftari la hesabu upande wa pili. Karani alisahihisha: mabomba yake imeoza, yameoza; kipimo hii, kipimo hiki. Namba hakuzigusa. Hata angetaka asingeweza, zile hesabu zilimpa kizunguzungu kwa kuzitazama tu. Mita naye, akisubiri ukurasa, alimfundisha Binti. Binti aliyekuwa akishika mkia darasani katika hesabu alipanda hadi nafasi ya nne, na siku aliyoleta ripoti ile baba yake aliisoma kwa sauti mara mbili, akidai mara ya kwanza hakuivalia miwani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Karani aliposikia mlango wa ndani ukifunguliwa.

"Umeiona ya Nidhamu?" Mkuu aliuliza.

"Nimeiona, Mkuu."

"Yule anakaa kwako."

"Ndiyo."

Mkuu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hakuwahi kumfokea mtumishi hata siku moja, na kwa hiyo watumishi walimwogopa wasijue wanaogopa nini. Alisukuma mlango wa nje ukajifunga. "Profesa wake ndiye aliyelalamika. Anasema mtu hawezi kusema 'maji hii' mdomoni halafu aandike kurasa mia na ishirini bila kosa. Wanaamini amenunua kule kwenye vibanda vya nyuma ya lango, wanakoandikia watu."

"Profesa huyo hajamsomea hata sura moja tangu mwaka jana. Mtoto anapeleka, zinarudi hazijafunguliwa."

"Hilo si letu." Alikaa kwenye ukingo wa meza ya Karani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Letu ni hili. Kuna kitu unataka kuniambia?"

Karani aliupanga upya mlundo wa bahasha uliokuwa umepangika.

"Nakuuliza kwa wema," Mkuu aliendelea. "Kanuni za watumishi unazijua, wewe ndiye uliyezichapa. Mtumishi hashiriki kazi ya mwanafunzi inayopewa alama. Hazikusema akishiriki kidogo, hazikusema akishiriki sana. Na mkataba wako unaisha mwezi ujao. Nilitaka kuutia saini wiki hii, nimeona nisubiri haya yapite."

"Sina la kusema, Mkuu."

"Vizuri," alisema, akainuka. "Hivyo ndivyo nilivyotarajia."

*

Mita aliisoma barua kwenye meza ya chakula, kidole kikifuata mistari. Alifika mwisho akarudi juu.

"Mama, neno hili, tuhuma. Ni sawa na kosa?"

"Bado si kosa. Ni watu wanadhani."

"Aa!" Alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue bahasha akatabasamu. "Kama wanadhani tu, basi nitawaambia. Nitasema Mama alinisahihishia lugha. Rasimu zote ninazo, kuanzia ile ya kwanza kabisa, mbaya. Wataona wino wa kijani, wataona maneno yangu chini yake. Wataona nilivyokuwa naandika na ninavyoandika leo. Wewe ni mtu wa ofisi, Mama. Wakikuona wataamini."

Binti alipiga makofi. "Tena uwaonyeshe ile 'bomba amekufa'!" Wote wawili wakacheka, kwa sababu Mita kweli aliwahi kuandika kwamba bomba la mtaa wa pili amekufa tangu Januari.

Karani alijaribu kucheka nao. Mumewe hakujaribu. Aliangalia sahani yake, akamaliza kula, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

*

Mume alikuwa fundi wa friji. Zamani ua ulijaa friji za watu zikisubiri zamu. Siku hizi watu walinunua mpya za bei nafuu, zikiharibika wakatupa. Ua wake ulikuwa na friji nne tu, na tatu kati ya hizo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kesho yake mchana, Karani aliporudi kwa mapumziko, alimkuta amekaa juu ya kreti, ameshika bisibisi bila kuitumia.

"Usiende," alisema.

"Nimeshaandikwa shahidi. Mita amepeleka jina langu leo asubuhi."

"Basi nenda, useme hujui."

"Nisemeje sijui, na nyumba nzima inajua?"

"Nyumba hii haikai kwenye kamati." Aliiweka bisibisi chini. "Sikia, mke wangu. Mimi yule mtoto nampenda. Ameniheshimu humu ndani kuliko wapwa zangu. Lakini tuseme kweli: unga ukimwagika kazini kwako, humu ndani tunakula nini? Hizi?" Aliipiga teke friji moja, ikatoa mlio wa kopo tupu. "Ada ya Binti anailipa nani? Mita wakimrudisha kwao, kwao kupo. Sisi wakitufukuza, tunarudi wapi?"

"Atafukuzwa kwa ajili ya kitu nilichofanya mimi."

"Atafukuzwa kwa sababu chuo hakikumfundisha. Wewe ulikuwa unaziba pengo lao. Sasa uzibe na la pili, la aibu yao? Wakulipe nini?"

Karani aliona kwamba kila alichosema mumewe kilikuwa kweli, na kwamba hicho ndicho kilichomtia hasira.

"Na ukisema ulisahihisha," Fundi aliongeza, akishusha sauti, "nani kakwambia wanamwachia? Watasema kumbe kweli si yake, kaandikiwa na mwenye nyumba. Mtazama wote wawili."

Hapo ndipo Karani alipojishikiza. Siku zilizobaki alijiambia maneno hayo njiani, jikoni, mbele ya kompyuta: tutazama wote wawili. Alijiambia mpaka yakawa kama aliyabuni mwenyewe.

Hakumwambia Mita. Jumatano jioni msichana alimwomba amsikilize akijifunza atakavyojieleza, naye akasema kichwa kinamuuma.

*

Kamati ilikuwa na watu watano na chupa tano za maji. Mita aliingia na mkoba wake mgongoni, akaonyeshwa kiti kilichokuwa peke yake katikati ya chumba. Aliuvua mkoba akaupakata. Ndani yake kulikuwa na rasimu zote, zimefungwa kwa utepe wa nywele wa Binti.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye haraka. Alimuuliza kwanza habari za mabomba, na kwa dakika kumi Mita alijibu vizuri, kwa vidole na michoro ya hewani. Mjumbe mmoja alianza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Profesa akafungua tasnifu mahali alipokuwa ameweka karatasi.

"Hapa umeandika 'upotevu huu haujitokezi bali hurithishwa'. Hurithishwa. Hilo neno ulilipata wapi?"

"Nilifundishwa."

"Na nani? Mimi sikukufundisha."

"Ndiyo, Profesa. Wewe hukunifundisha."

Alikuwa amesema kweli tupu, kwa adabu, lakini chumba kilisikia dharau. Mwenyekiti akamsukumia karatasi nyeupe na kalamu. "Tuandikie aya moja hapa hapa. Jambo lolote. Dakika tano."

Watu watano wakamtazama anavyoandika. Walipoisoma aya ile walikuta makosa saba, na Profesa akayahesabu kwa sauti, moja moja, kama mtu anayerudishiwa chenji.

"Nina shahidi," Mita alisema.

Karani alikuwa nje kwenye benchi la mbao. Mkuu alikuwa amekuja kukaa kando yake. Mlango ulipofunguliwa akamwambia, "Nenda, dada," na lile neno dada, ambalo hakuwahi kumwita, likamsindikiza mpaka ndani.

Hakupewa kiti. Mwenyekiti aliuliza, "Wewe ni mtumishi wa chuo, na ni mama mwenyeji wa huyu?"

"Ndiyo."

"Anasema ulimsahihishia lugha ya tasnifu hii, sura kwa sura. Ni kweli?"

Karani alimtazama Mwenyekiti. Alijitahidi kutomtazama mwingine.

"Si kweli," alisema. "Labda neno moja mawili mezani, kama mtu na mgeni wake. Tasnifu sijawahi kuiona."

"Mwanafunzi," Mwenyekiti alisema, "una la kumuuliza shahidi wako?"

Hapo Karani alilazimika kugeuka. Mita alikuwa amemkodolea macho, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua na anasubiri afasiriwe. Kisha macho yakabadilika. Yalitoka kwa Karani, yakaenda kwenye mlango uliobaki wazi, ambako kiatu cha Mkuu kilionekana kwenye ukingo wa benchi, yakarudi. Alikuwa amekaa kwenye nyumba ile karibu miaka miwili. Alizijua friji za uani, aliijua siku ya mshahara, alilijua neno mkataba. Mkono wake ulikuwa juu ya zipu ya mkoba. Karani aliuona, na hakuweza kuuondolea macho, kwa sababu mwandiko wake wa kijani ulikuwa pale, sentimita chache chini ya vile vidole, na kila mtu chuoni aliujua mwandiko ule. Ndio uliokuwa kwenye majalada yote.

Mita aliuondoa mkono kwenye zipu. Akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

"Sina swali," alisema. "Mimi nimesema vibaya. Mama hajui."

"Kwa hiyo ulitudanganya?"

"Ndiyo."

Profesa aliandika kitu. Mwenyekiti akamwambia Karani kwamba anaweza kwenda, na amshukuru Mungu hakuponzwa na wema wake.

*

Uamuzi ulitoka siku ile ile: kuondolewa masomoni kwa udanganyifu, na kwa kusema uongo mbele ya kamati. Kibali cha kukaa nchini kingekwisha baada ya siku kumi na nne.

Nyumbani Mita hakulia. Alipika siku ya zamu yake, akafagia siku ya zamu yake. Alipopishana na Karani kwenye korido alisimama pembeni, akainamisha kichwa kidogo kama siku za mwanzo alipokuwa mgeni kabisa. Aliendelea kumwita Mama. Karani angependa amwite chochote kingine.

Binti ndiye aliyesema. Alirudi shuleni Ijumaa, akatupa begi sakafuni.

"Ni kweli ulisema hujawahi kuiona?"

"Wewe mtoto, hayo ni mambo ya watu wazima."

"Nilikuwepo, Mama! Nilikuwa nimekaa hapa, wewe pale, yeye hapo. Kila siku. Au na mimi sikuiona?"

"Punguza sauti," Fundi alisema kutoka mlangoni. "Mama yako amefanya hivyo ili wewe usome."

"Nani kaniuliza?" Binti alimgeukia baba yake. "Anayenisomesha ni Dada Mita. Nyinyi mnalipa ada tu."

Fundi aliinua mkono. Hakuwahi kumpiga mtoto yule na hata sasa hakumpiga. Mkono ulikaa hewani, ukakosa pa kwenda, akajikuna nao shingoni, akatoka. Jioni hiyo Binti alihamisha godoro lake kutoka kitandani akaliweka sakafuni karibu na kitanda cha Mita, na tangu siku hiyo alipeleka sahani yake kulia chumbani.

Siku ya kumi na moja Karani alikuta rasimu juu ya kitanda chake mwenyewe, na ule utepe wa nywele bado umezifunga. Alizipeleka kwenye chumba cha wasichana. Mita alikuwa akikunja nguo.

"Hizi ni zako."

"Kaa nazo, Mama. Njiani wanapekua mizigo. Watu wa chuo wakiandika kwamba mimi ni mdanganyifu, halafu kwenye begi langu wakakuta mwandiko wako..." Alikunja blauzi, akailainisha kwa kiganja. "Ni bora zikae kwako. Unaweza kuzichoma."

Karani alisimama na lile furushi kifuani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa matusi alikuwa na majibu. Aliziona kurasa za juu, zile za mwanzo kabisa, mwandiko wake umejaa pembeni kwa pembeni, na kati ya mistari maneno aliyokuwa ameyasahau: "Vizuri sana hapa." "Hii umeipata mwenyewe!" "Usiogope sentensi ndefu."

*

Kesho yake asubuhi aliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi, akaliweka furushi mezani.

"Nilidanganya," alisema. "Hizi hapa. Zisomwe na kamati. Mtoto kaandika mwenyewe, mimi nilinyoosha lugha tu. Nifukuzeni mimi."

Mkuu alifungua utepe taratibu. Alisoma ukurasa, akasoma na wa pili. Alisoma kweli, macho yake yalikwenda na mistari. Mahali pamoja hata alitabasamu, na Karani akafikiri labda ni pale bomba alipokufa.

"Unafundisha vizuri," alisema hatimaye. "Ningejua, ningekupa kile chumba cha viti."

"Mkuu, zipelekwe leo."

"Zikipelekwa leo, kamati inakaa lini? Huketi mara moja kwa mwezi. Kibali chake kinakwisha keshokutwa. Atakuwa ameshaondoka. Na tuseme wameketi: wataandika nini? Kwamba Profesa hakusoma kazi? Profesa yumo kwenye Seneti ya chuo. Kwamba ofisi hii iliahidi msaada usiokuwapo? Ofisi hii ni mimi na wewe." Alizipanga karatasi zikae sawa, akazifunga tena kwa utepe ule ule. "Ungezileta Alhamisi ile, ningekasirika. Pengine ningekufukuza. Lakini zingesaidia. Leo zinakusaidia wewe tu, ulale usingizi."

Alivuta droo ya chini, akaziweka, akafunga kwa ufunguo.

"Nirudishie," Karani alisema.

"Zipo mahali salama. Hakuna atakayeziona, maadamu sote tunaelewana." Kisha akavuta karatasi nyingine kutoka juu ya trei, akaitia saini, akamsogezea. Ulikuwa mkataba wake. "Mwaka mmoja. Hongera."

Aliichukua. Baadaye, kila alipojiuliza ni wakati gani hasa alipotea, hakuitaja siku ya kamati. Alitaja ule wakati alipoona mkono wake ukinyooka kuipokea ile karatasi, na kinywa chake kikisema asante.

*

Mita aliondoka kwa basi la mchana kwenda mpakani. Fundi alibeba sanduku, akalifunga kamba mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, akamwambia, "Mwanangu, utusamehe," na akarudi upesi akisema ana mteja. Hakuwa na mteja. Binti na Mita walikumbatiana hadi kondakta akalalamika. Karani alisubiri zamu yake kando, kama jamaa wa mbali.

"Nilipeleka zile rasimu," alimwambia. "Juzi. Nilimwambia Mkuu ukweli wote."

"Umechelewa, Mama," Mita alisema, bila ukali wowote.

"Najua."

"Wizara ya kwetu ndiyo iliyonidhamini. Chuo kitawaandikia, na wao watamwita Baba ofisini wamsomee." Alirekebisha mkanda wa mkoba, ambao sasa ulikuwa mwepesi. "Nimefikiri sana. Natamani wangeandika kwamba nimeshindwa masomo. Kwamba hesabu zilinishinda. Baba hilo ataelewa, hata yeye shuleni zilimshinda. Ataumia, lakini ataelewa. Wizi hataelewa."

Akapanda. Aliketi upande wa pili wa basi, ule usioonekana kutoka pale walipokuwa wamesimama.

*

Barua ya kwenda wizarani iliangukia, kama barua zote, kwa Karani. Kulikuwa na fomu ya kujaza: jina, programu, tarehe ya kuondolewa, sababu. Aliandika jina refu la kwao Mita herufi kwa herufi, akilinganisha na nakala ya pasipoti asije akalikosea. Alipofika kwenye sababu alisimamisha vidole.

Kwenye uamuzi wa kamati lilikuwapo neno moja: udanganyifu. Aliliacha huko huko kwenye jalada. Kwenye barua akachapa: "Mwanafunzi hakufikia kiwango kinachotakiwa katika hisabati." Aliingia nayo kwa Mkuu pamoja na nyingine sita. Kwa miaka tisa barua zake hazikuwahi kuwa na kosa, na Mkuu alikuwa na mazoea ya kuzisaini akiongea na simu. Alizisaini saba zote akiongea na simu. Karani alizigonga muhuri, akazipeleka posta mwenyewe kwa miguu.

Njiani kurudi nyumbani alijisikia mwepesi kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alimkuta Binti mezani, peke yake, daftari la hesabu limefunguliwa kwenye swali ambalo bado lilikuwa halina jibu. Alivuta kiti, akamsimulia: barua, fomu, neno alilolibadilisha, Mkuu na simu yake. Alisimulia kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama anayetoa zawadi.

Binti alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo," alisema, "mmemfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya. Na sasa umewaandikia kwao kwamba hajui kitu anachokijua kuliko sisi wote."

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Aliniambia."

"Hakutaka, Mama," Binti alisema. "Ndicho mlichombakizia."

Alichukua daftari lake, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole, kwa adabu, kama anavyofunga mlango mgeni.